Kuchochea au Kufungulia? Uhakiki wa Istilahi ya Homoni za Mimea

Istilahi ya kitaalamu hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni ya sarufi: je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha, na je, latamkika kwa wepesi? Ya pili ni ya maana: je, neno lamwongoza msomaji kwenye jambo lenyewe, au lampoteza njia? Mizani ya kwanza imetumika sana katika kazi ya kusanifisha Kiswahili tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930. Ya pili imetumika kwa nadra, hasa katika sayansi, kwa kuwa mtunga istilahi aghalabu si mwenye fani, na mwenye fani aghalabu si mwanalugha. Neno "kichocheo", kama litumikavyo kueleza homoni za mimea, ni mfano wa neno lipitalo vizuri katika mizani ya kwanza na kushindwa katika ya pili.

Yafaa neno hili lipimwe mahali ambapo watu wanalihitaji kwa kazi. Irente iko ukingoni mwa milima ya Usambara Magharibi, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto. Chini ya genge lake imetandaa tambarare ya Mazinde. Juu, katika mabonde ya Lushoto, wakulima hulima kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, na matunda ya nchi za baridi kama plamu na peasi. Biashara ya mboga imeleta pamoja nayo chupa na pakiti za dawa, na miongoni mwa hizo zimo zile ambazo wakulima huziita "busta" au "dawa za kukuzia". Hapo Irente iko pia shule ya msingi ya watoto wasioona. Jambo hili la mwisho lina uzito wake katika hoja hii. Mtoto aonaye, akielezwa kwa neno lisilofaa, huweza kusahihishwa na mchoro ulio kitabuni. Mtoto asiyeona hana ila maneno ya mwalimu na vidole vyake mwenyewe. Kwake yeye kitenzi kibaya hakina msahihishaji.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba homoni ya mmea ni kichocheo cha ukuaji. Basi na tuulize: kuchochea ni kufanya nini?

Katika matumizi ya kila siku, kuchochea ni kazi ya mekoni. Mpishi husukuma kuni ndani ya mafiga, hutikisa makaa, na moto ulioanza kufifia ukapata nguvu. Kutokana na maana hiyo imezaliwa maana ya pili, ya kuwatia watu ari au hasira. Hivyo mchochezi ni mtu aletaye fitina mahali palipokuwa na utulivu. Maana zote mbili zina mambo matatu yaliyo sawa. Kwanza, achocheaye huongeza kitu: kuni kwa moto, maneno kwa ugomvi. Pili, kadiri azidishavyo ndivyo matokeo yazidivyo. Tatu, kabla hajaja, kitu chenyewe kilikuwa kimelala au kimepungua nguvu. Kiambishi ki- pamoja na -o ya mwisho huligeuza tendo kuwa chombo, kama katika kifuniko na kizibo, na hivyo kichocheo kikawa ni chombo cha kuongeza nguvu. Kwa upande wa uundaji, hakuna awezaye kulilaumu neno hili.

Wala wazo lenyewe halikuzuliwa na Waswahili. Ernest Starling, mwanafiziolojia Mwingereza, ndiye aliyelitoa hadharani neno "homoni" katika mihadhara yake ya mwaka 1905, akilichukua kutoka kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kusukuma au kuamsha. Miaka mitatu kabla ya hapo yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua kwamba utumbo wa mnyama hutoa kitu ambacho husafiri kwa damu na kulifanya kongosho litoe maji yake. Kwa jambo walilolichunguza, neno hilo lilitosha. Lilipohamishiwa kwenye mimea lilibeba picha ileile, na Kiswahili kilipolifasiri kwa "kichocheo" kikaibeba nacho. Kwa hiyo kosa linaloshutumiwa hapa ni kosa la mkopo: lugha moja imerithi sitiari ya lugha nyingine pamoja na upungufu wake.

Si vigumu kuona kwa nini sitiari hiyo ilipendeza. Wachunguzi wa mwanzo waliona matokeo tu. Kilichopita katikati kilikuwa gizani. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 kwamba ncha ya chipukizi la nyasi ndiyo ihisiyo mwanga, ilhali sehemu ipindayo iko chini yake; kwa hiyo lazima kuna habari ishukayo kutoka ncha. Frits Went, huko Uholanzi katika miaka ya 1926 hadi 1928, alizikata ncha za machipukizi ya oti na kuziweka juu ya vipande vya agari, kisha akaviweka vipande hivyo upande mmoja wa shina lililokatwa. Shina likapinda kana kwamba ncha ingaliko. Kitu hicho kikaitwa oksini, kwa neno la Kiyunani la kukua. Katika mwaka 1926 huohuo Eiichi Kurosawa, akichunguza ugonjwa ambao Wajapani waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu, alionyesha kwamba majimaji ya kuvu fulani yaliweza peke yake kuirefusha miche ya mpunga mpaka ikaanguka. Kitu kilichomo humo kikaitwa jiberelini. Mtu aonaye mche ukirefuka hivyo baada ya kutiwa dawa, atasema nini ila kwamba umechochewa?

Hata hivyo sayansi haikusimama hapo. Tangu mwishoni mwa karne iliyopita, na hasa baada ya mwaka 2005, imejulikana molekuli kwa molekuli jinsi homoni hizi zifanyavyo kazi ndani ya seli. Na habari iliyopatikana ni kinyume cha picha ya mafiga.

Na ianze oksini. Ndani ya kiini cha seli zimo protini ambazo kazi yake ni kuziwasha jeni za ukuaji. Protini hizi ziko tayari. Hata hivyo zimeshikwa na protini nyingine, ziitwazo kwa alama ya Aux/IAA, ambazo huzikalia na kuzizuia zisifanye kazi. Seli isiyo na oksini, basi, si seli iliyolala kwa kukosa kuni. Ni seli iliyofungwa. Mwaka 2005 makundi mawili ya wachunguzi, moja likiwa Marekani na jingine Uingereza, yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba kipokezi cha oksini ni protini iitwayo TIR1. Mwaka 2007 umbo la kipokezi hicho likaonekana kwa miale ya eksirei. Katika TIR1 mna kijishimo. Oksini hukaa chini ya kijishimo hicho, na juu yake hukaa sehemu ya ile protini izuiayo. Oksini haikigeuzi kipokezi umbo, wala haikitii nguvu. Huziba pengo lililo kati ya protini mbili, zikashikamana kama kwa gundi. Zikisha kushikamana, protini izuiayo hutiwa alama ya kuangamizwa, na mashine ya seli ikaivunjavunja. Mzuiaji akiondoka, jeni huanza kazi ambayo ilikuwa tayari kuifanya.

Jiberelini hufuata njia iliyo jirani. Kipokezi chake, GID1, kilitambuliwa na wataalamu wa Kijapani katika mpunga mwaka 2005. Jiberelini huingia katika mfuko wa kipokezi, na sehemu ya kipokezi hicho hufunga juu yake kama kifuniko. Mgongo wa kifuniko hicho ndio unaoweza kuzishika protini ziitwazo DELLA, nazo ndizo zizuiazo urefu wa shina. Zikisha kushikwa, nazo hutiwa alama na kuvunjwa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka katika ngano. Zile ngano fupi zilizoenezwa na Norman Borlaug na wenzake, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970, ni fupi kwa sababu ya mabadiliko katika jeni ya DELLA, kama ilivyoelezwa mwaka 1999. Jiberelini imo ndani ya ngano hiyo, na kipokezi kimo. Kilichobadilika ni mzuiaji, ambaye sasa hashikiki wala haondoki. Kama jiberelini ingekuwa kichocheo kwa maana ya kuni, jambo hili lisingeelezeka: kuni zipo mekoni tele na moto haupandi. Kwa picha ya mzuiaji, laelezeka kwa sentensi moja.

Ethilini ni gesi, nayo watu wa Usambara, kama watu wa pwani, wameitumia kabla ya kuijua. Kiswahili kina kitenzi "kuvundika", yaani kuziweka ndizi au maembe mabichi mahali palipofunikwa mpaka yaive. Na pengine shimo hutiwa moshi. Moshi una ethilini, na tunda liivalo lenyewe hutoa ethilini. Ndiyo sababu tunda moja bivu huyaivisha mengine, kwa namna ya samaki mmoja aozaye akaoza wote. Kinachotokea ndani ya seli kinastahili kuangaliwa na mwanalugha. Kipokezi cha ethilini, kilichotambuliwa kwanza katika jeni ya ETR1 mwaka 1993, hushika gesi hiyo kwa msaada wa chembe ya shaba. Lakini kipokezi hiki hufanya kazi wakati gesi haipo: ndipo kinapoamuru, kupitia protini nyingine, kwamba uivaji usianze. Gesi ifikapo, kipokezi hunyamaza, na amri ya kuzuia hukoma. Ethilini, basi, haimwambii mtu "fanya". Humnyamazisha yule aliyekuwa akisema "usifanye".

Hali ni hiyo hiyo kwa asidi ya absisiki, ambayo wakati wa ukame huyafunga matundu madogo ya majani ili maji yasipotee. Vipokezi vyake, vilivyojulikana mwaka 2009, huikamata protini iliyokuwa ikiwazuia watendaji, na watendaji wakawa huru. Homoni ya jasmoniki, itumikayo mmea unapoliwa na wadudu, nayo huondosha mzuiaji wake kwa kumwangamiza. Kuna homoni moja kubwa isiyofuata mkondo huu. Sitokinini ikifika kwenye kipokezi chake, kipokezi hujitia fosfeti, na fosfeti hiyo hupokezanwa kutoka protini hadi protini mpaka imfikie mtendaji aliyemo katika kiini cha seli. Huu ni ujumbe wa kupokezana, kama wakimbiaji wapeanavyo kijiti. Mtu akitaka kulibakiza neno "kichocheo" kwa sitokinini peke yake, hoja yake itasikilizwa. Lakini hata hapo "mjumbe" lingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kuna na jambo jingine lililo nje ya kiini cha seli. Seli ya mmea hurefuka kwa shinikizo la maji yaliyomo ndani yake, nayo imezungukwa na ukuta mgumu. Oksini huufanya ukuta huo uwe na uasidi zaidi, na katika hali hiyo nyuzi za ukuta hulegea. Nguvu ya kusukuma ni ya maji, nayo ilikuwamo tangu mwanzo. Kazi ya oksini ni kulegeza. Hata hapa, ambapo macho huona shina likisukumwa juu, homoni yenyewe haikusukuma kitu.

Sasa swali larudi kwa wanalugha. Kama homoni nyingi za mimea hufanya kazi kwa kuondosha kizuizi, je, Kiswahili kina namna ya kulisema jambo hilo kwa ufasaha? Jibu ni kwamba kina namna bora kuliko lugha nyingi za Ulaya. Katika lugha hizo, kuondosha kizuizi husemwa kwa neno refu lenye kanusho juu ya kanusho, nalo humchosha msomaji. Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za Kibantu, kina kauli ya kutendua, ambayo kwa kuongeza irabu moja hulipindua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fuma na fumua, choma na chomoa, fyata na fyatua. Kila jozi kati ya hizi ina maana mbili ndani yake: kwamba kuna kitu kilichozuiwa, na kwamba kizuizi kimeondolewa. Tendo la molekuli lililowachukua wataalamu karne nzima kulifahamu lina mahali pake katika sarufi, nalo lilikuwapo kabla maabara haijajengwa. Ni ajabu kwamba watunga istilahi walipofika kwenye homoni waliiacha kauli hii na kwenda mekoni kutafuta kuni.

Si kila kitenzi cha kutendua kitafaa. "Kufyatua" kuna sifa njema: nguvu ya mtego imo katika fito iliyopindwa, na agusaye chambo haongezi nguvu yoyote. Lakini mtego hufyatuka mara moja kwa ghafla, na baada ya hapo hauna kazi mpaka utegwe tena. Ukuaji si hivyo. "Kuzibua" ni karibu zaidi, ila kwa masikio ya wengi hukumbusha bomba lililoziba, yaani kasoro, ilhali mzuiaji wa seli si kasoro bali ni mlinzi mwenye wajibu wake. "Kufungua" ni pana mno. Hufungua mlango, kitabu na mkutano.

Kitenzi kilicho bora ni "kufungulia", kama kitumikavyo kwa maji ya mfereji na kwa mifugo iliyo zizini. Mkulima wa mlimani akifungulia maji, huondoa bonge la udongo lililoziba mdomo wa tuta. Maji hayakuletwa na mkono wake. Yalikuwa yamekwisha kufika, yenye nguvu iliyotokana na mteremko. Alichofanya ni kuondoa kizuizi, na kwa kuchagua bonge gani aliondoe ameamua tuta gani lipate maji na lipi lisipate. Hayo ndiyo yafanywayo na oksini. Tena mfano wakubaliana na jambo jingine ambalo mafiga hayawezi kulieleza. Miongoni mwa jeni ziwashwazo mapema na oksini zimo zile zile zitengenezazo protini za kuzuia. Mmea huanza kujifunga upya mara tu ujifunguliapo. Ni kama maji yachukuayo udongo na kuuweka tena mdomoni mwa tuta. Hapo ndipo neno "kidhibiti" linapopata haki yake, kwa kuwa kudhibiti si kuongeza tu wala kupunguza tu.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mabishano ya wasomi, na kwamba mkulima wa Lushoto hajali kama dawa yake huchochea au hufungulia, mradi kabichi inenepe. Hoja hii yahitaji kujibiwa kwa matendo yenyewe ya shambani, kwa kuwa ndiko picha ya kuni huleta hasara.

Tendo la kwanza ni kiasi cha dawa. Anayeamini kwamba dawa ni kuni ataongeza kipimo, maana moto hupenda kuni. Lakini oksini ile ile ambayo kwa kiasi kidogo hukiotesha mizizi kikonyo kilichokatwa, kwa kiasi kikubwa huizuia mizizi isirefuke. Na ikizidi sana huua. Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, iliyoenea tangu miaka ya 1940, ni oksini iliyotengenezwa na watu. Katika shamba la mahindi huyaua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi, kwa kuyafungulia magugu hayo ukuaji usio na mpango mpaka yajipinde na kufa. Mkulima aliyefundishwa kwamba oksini ni kichocheo cha ukuaji hana njia ya kufahamu kwa nini jamaa ya "dawa ya kukuzia" yauzwa kama dawa ya kuua. Atadhani ni mambo mawili yasiyohusiana, na huenda akalitumia bomba moja la kunyunyizia kwa yote mawili bila kuliosha vizuri. Nyanya yake, ambayo ni mmea wa majani mapana, italipa gharama ya istilahi.

Tendo la pili ni kukata kilele. Mkulima wa kahawa ajua kwamba akikata ncha ya shina, machipukizi ya pembeni yaliyokuwa kimya huamka. Miongoni mwa sababu ni kwamba oksini ishukayo kutoka kileleni huyazuia machipukizi hayo. Hapa kile kiitwacho kichocheo cha ukuaji ndicho kizuiacho ukuaji, na mwalimu alazimika kuwaambia wanafunzi wake kwamba kichocheo chazuia, sentensi ambayo katika Kiswahili ni mgongano mtupu. Kwa lugha ya mfereji hakuna mgongano: maji yaliyofunguliwa kuelekea tuta moja hayaendi jingine.

Tendo la tatu ni la ua ambalo kwalo milima hii inajulikana duniani. Urujuani wa Usambara ulipewa jina la Saintpaulia na Hermann Wendland mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyeupeleka Ulaya kutoka Tanga. Siku hizi wataalamu wauhesabu ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Ua hili huzalishwa kwa jani moja tu: jani hukatwa pamoja na kikonyo chake, huchomekwa katika udongo wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa mizizi hutoka, kisha miche. Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha mwaka 1957, kwa vipande vya tumbaku, kwamba uwiano wa oksini na sitokinini ndio uamuao kama kipande kitatoa mizizi au machipukizi. Jani la urujuani halikutiwa kitu kigeni ili liwe mmea. Uwezo wa kuwa mmea mzima ulikuwamo, umefungwa. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kufungulia, nao waota kwenye miamba ya Usambara.

Pingamizi la pili ni la wahafidhina wa istilahi: neno "kichocheo" limekwisha kuzoeleka, na kulibadili neno lililozoeleka ni kuleta fujo. Pingamizi hili lina nguvu, na uhakiki huu haudai kwamba jina lifutwe. "Homoni" limekwisha kukaa katika Kiswahili, lafuata sauti zake, na halina picha yoyote kwa msomaji asiyejua Kiyunani. Kwa sababu hiyo halimdanganyi. Na libaki kuwa jina la jumla. "Kidhibiti cha ukuaji" na litumike panapohitajika kuzijumuisha na dawa zilizotengenezwa viwandani. Kinachodaiwa ni kwamba panapoelezwa tendo, kitenzi kiwe cha kweli. Wanaotunga istilahi wamezoea kuhesabu nomino, kwa kuwa kamusi hupangwa kwa nomino. Lakini sayansi ya molekuli ni sayansi ya matendo, na mzigo wake huchukuliwa na vitenzi. Kitabu kinaweza kuwa na nomino sahihi zote na bado kikafundisha uongo kwa kitenzi kimoja.

Pingamizi la tatu ni kwamba kila sitiari ina mipaka, na mfereji nao utakuja kushindwa. Ni kweli. Mfereji hauelezi jinsi oksini inavyosafirishwa kutoka seli hadi seli, wala hauelezi kijiti cha sitokinini. Lakini sitiari huhukumiwa kwa mahali inaposhindwa. Mafiga hushindwa katika kiini cha jambo: nguvu yatoka wapi, na kuzidisha huleta nini. Mfereji hushindwa pembeni, na mwalimu aweza kusema wazi, "mfano wetu unaishia hapa", bila kulazimika kuvunja yote aliyokwisha kuyajenga.

Kuna sababu moja zaidi ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Sayansi ya mimea si ngeni Usambara. Kituo cha Wajerumani cha utafiti wa mimea na kilimo kilianzishwa Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, na tangu hapo milima hii imechunguzwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 100. Nchini Tanzania, shule za sekondari hata leo hufundisha sayansi kwa Kiingereza katika mtaala wake wa kawaida. Kwa hiyo mtu aliyeishia darasa la saba hupata sayansi yake ya Kiswahili katika vitabu vya shule ya msingi, kisha katika karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Hakuna cheo cha juu ambako atasahihishwa baadaye. Kitenzi alichopewa huko ndicho atakachokwenda nacho shambani maisha yake yote.

Na turudi Irente kwa kipimo cha mwisho. Mwalimu wa watoto wasioona akitaka kueleza homoni kwa neno "kichocheo", ataweza kuwapeleka karibu na moto ili wahisi joto likizidi kuni zinapoongezwa, nao watafahamu vizuri sana jambo lisilo kweli. Akitumia "kufungulia", ataweza kuchimba mfereji mdogo bustanini, kumwaga maji juu, na kumwambia mtoto aondoe bonge la udongo kwa vidole vyake. Mtoto atayahisi maji yakipita. Akiulizwa maji yalitoka wapi, atajibu kwamba yalikuwa nyuma ya udongo. Akiulizwa mkono wake umefanya nini, atajibu kwamba umeyafungulia. Huyo atakuwa amefahamu kazi ya oksini kuliko msomi aliyekariri jina la kipokezi chake na bado anafikiri kwa kuni.